Dhana ngumu tuianze mapema au tuisubiri? Tazama kwanza nani atapokea darasa lako

Kila skuli ina mada ambazo walimu huziendea kwa kusitasita. Kwenye hisabati ni sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, namba hasi, na herufi inayosimama badala ya namba. Kwenye sayansi ni umeme, usanisinuru, na chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ubishi ofisini huwa ni ule ule. Mmoja anataka watoto waonjeshwe mapema wazoee. Mwengine anauliza mtoto asiyejua kuzidisha anapelekwa wapi na aljebra. Wa kwanza huleta "samaki mkunje angali mbichi", wa pili humjibu "haraka haraka haina baraka", na kwa kuwa methali ziko pande zote mbili, haziamui kitu.

Wote wawili wana hoja. Ila wanabishana juu ya mtoto, na jambo linaloamua liko kwa walimu wenyewe: je, anayeanzisha dhana na atakayeipokea mwakani wanazungumza? Kwa hiyo ulinganisho huu una sehemu mbili. Kwanza njia za kupanga dhana, kisha namna za walimu kushirikiana, maana ya kwanza haichaguliki bila ya pili. Mifano mingi ni ya hisabati, darasa la tatu hadi kidato cha kwanza.

Njia zenyewe

Kuanza mapema si kufundisha mada ya darasa la sita ndani ya darasa la tatu. Ni kuionjesha: dakika 10 kwa wiki, kwa vitu vya kushika, bila alama za kitaalamu na bila mtihani. Mwaka unaofuata dhana inarudi kwa michoro, na mwaka wa tatu kwa maandishi. Mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner ndiye aliyelipa wazo hili nguvu mwaka 1960, aliposhikilia kwamba somo lolote linaweza kufundishwa kwa mtoto wa umri wowote, mradi lipewe sura inayomfaa na isiyopotosha. Watu hukumbuka nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Nusu ya pili ndiyo yenye kazi.

Kusubiri ni kuhakikisha ngazi ya chini imeshikwa kabla ya kupanda. Benjamin Bloom, naye wa Marekani, aliupangia utaratibu mwaka 1968: fundisha mada, toa jaribio fupi, wasiofikia kiwango (mara nyingi asilimia 80) warudiwe kwa njia nyengine, kisha ndipo darasa lisonge. Walimu wengi wanaosema wanasubiri hawafanyi hivyo. Wanasubiri bila kupima, na hiyo ni kuahirisha tu. Mwenye kuahirisha asijihesabu upande wa Bloom.

Mlinganyo mmoja kwa njia zote mbili

Chukua 2k + 3 = 11.

Anayeanza mapema, tuseme darasa la tatu, anahitaji vifuu viwili vya nazi na komwe (kete za bao) 11. Bao zima lina kete 64, kwa hiyo seti moja inatosha makundi matano. Kabla watoto hawajageuka, mwalimu anaficha komwe 4 chini ya kila kifuu na kuacha 3 nje. Anawaambia mambo mawili tu: zote pamoja ni 11, na kila kifuu kimefunika idadi sawa. Chini ya kifuu kimoja zimo ngapi? Wakisie, wabishane. Kisha mmoja aondoe zile 3 za nje. Zilizobaki ni 8 kwa vifuu viwili. Funua, hesabu. Wiki ya pili namba nyengine. Wiki ya tatu watoto wafichiane wenyewe. Wiki ya nne vifuu vichorwe ubaoni badala ya kuwekwa mezani, na hapo ndipo pa kusimama. Herufi k haijaandikwa wala neno "mlinganyo" halijatajwa.

Zoezi hili huharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni idadi zisizo sawa chini ya vifuu, hasa watoto wanapofichiana: wakifunua wakikuta 5 na 3, kanuni nzima inaonekana ya uongo. Mwenye kuficha ahesabu kwa sauti mbele ya shahidi mmoja. Ya pili ni namba kubwa. Jumla ikipita 20, mtoto anatumia nguvu zake zote kwenye kutoa na hana akili ya kufikiria kifuu.

Anayesubiri hadi darasa la sita au kidato cha kwanza huanza kwa kupima. Swali moja linafichua mengi: 8 + 4 = □ + 5. Anayeandika 12 anaisoma alama ya sawasawa kama amri ya "jibu liwe hapa". Anayeandika 17 amejumlisha kila alichokiona. Jibu ni 7. Makosa haya yameonekana kwa watoto wa nchi nyingi, na mwanafunzi aliyenayo hana njia ya kuelewa kwa nini kitu unachofanya upande mmoja ukifanye na upande wa pili. Ataiga hatua, atapata alama kwenye zoezi, kisha swali likigeuzwa kidogo atakwama. Swali hili lichukue dakika tano za kipindi chochote, na wakikosa zaidi ya robo ya darasa, mlinganyo usianzishwe wiki hiyo.

Msingi ukiwa tayari, vipindi vinne vya dakika 40 vinatosha: kimoja cha herufi kama namba isiyojulikana, kimoja cha milinganyo ya hatua moja, kimoja cha hatua mbili, na cha nne jaribio la maswali matano. Aliyepata manne amefikia asilimia 80. Waliobaki warudiwe, tena si kwa maelezo yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Hapa ndipo vifuu na komwe vinapofaa hata kidato cha kwanza, ingawa walimu wengi wa sekondari huona haya kuvibeba.

Kwa hesabu ya muda, kuonjesha hakugharimu sana. Dakika 10 mara nne ni kipindi kimoja kwa mwaka. Gharama yake iko kwengine.

Kuanza mapema kunavyoharibika

Tatizo kubwa ni kanuni za mkato ambazo zinamsaidia mwalimu wa leo na kumtesa wa kesho kutwa. "Kubwa haitoki kwenye ndogo," anaambiwa mtoto wa darasa la kwanza, na miaka kadhaa baadaye anaambiwa 3 − 5 ni −2. "Kuzidisha kunakuza," mpaka siku atakapozidisha kwa nusu. "Ukizidisha kwa 10 ongeza sifuri," naye kwa utiifu anaandika 2.5 × 10 = 2.50. Na maarufu kuliko zote: "3m ni maembe matatu." Inaeleweka haraka, darasa linacheka, kipindi kinapita. Mwakani linakuja swali kwamba embe moja ni shilingi 500, na mtoto hajui m ni nini: ni embe au ni 500? Herufi inasimama badala ya namba, kwa hiyo m ni bei ya embe moja na 3m ni bei ya matatu. Aliyeanza na maembe yenyewe inabidi afunguliwe fundo kwanza kabla ya kufundishwa. Ndiyo maana kwenye vifuu tunauliza idadi ya komwe, na kifuu chenyewe hakihesabiwi.

Kwa hiyo kabla ya kuonjesha jambo, jiulize: sentensi hii niliyoisema itakuwa kweli bado kidato cha pili? Kama haitakuwa, ipunguzie ukubwa. "Kwa namba tunazotumia sasa, kubwa hatuitoi kwenye ndogo" ni ndefu kidogo, lakini haimlazimu mwenzako kuja kuikanusha.

La pili ni mfano unaobebeshwa zaidi ya uwezo wake. Kwa namba hasi, watoto wa mwambao wana mfano ulio tayari: maji kujaa na kupwa. Simamisha fimbo yenye alama, weka 0 katikati, juu 1, 2, 3, chini −1, −2, −3. Maji yako 2, yakapwa hatua 3, yamefika −1. Kujumlisha na kutoa vinaingia vizuri. Lakini −2 × −3 haipo baharini, na mwalimu atakayejaribu kuipata huko atazama na darasa zima. Deni la dukani lina kikomo chake pia: kuondoa deni la 300 ni sawa na kupata 300, hilo linaelezeka, ila watoto wengi huchanganya "kulipa" na "kupewa". Mfano wowote unafaa, maadamu walimu wamekubaliana upi uanze na unaishia wapi.

Sehemu ni hivyo hivyo. Pishi moja ni vibaba vinne, basi kibaba ni robo ya pishi na nusu kibaba ni thumuni, yaani 1/8. Ukiwa na kopo la kibaba na mchele au mchanga, 1/4 + 1/8 inaonekana kwa macho: badilisha kibaba kiwe nusu kibaba mbili, jumla ni nusu kibaba tatu, yaani 3/8. Hiyo ndiyo maana ya kutafuta asili ya pamoja, na mtoto ameiona kabla ya kusikia habari za kigawe kidogo cha shirika. Kikomo chake ni theluthi. Vibaba havizai theluthi. Huko Pemba upo mfano mwengine wa kutumia: karafuu mbichi zikikauka hubaki takriban theluthi ya uzito, kilo 3 kuwa kilo 1 hivi. Lakini huo ni mfano wa uwiano na makadirio, usitumike kujumlishia sehemu.

La tatu ni kutorudi. Kilichoonjeshwa mara moja na kuachwa miaka miwili hakibakii. Mtoto anakuja kukumbuka vifuu na kicheko, basi. Na la nne ni pale mwalimu mkuu au mzazi anapoona vitu vya darasa la juu kwenye mabuku ya wadogo na kutaka vitiwe mtihanini. Kikishatiwa mtihanini si kionjo tena, na watoto waliokuwa wanakisia bila hofu wataanza kunakili.

Kusubiri kunavyoharibika

Kwa kalenda, kwanza. Mada ngumu hupangwa mwisho wa azimio la kazi (mpango wa mada za mwaka), na mwisho wa azimio ndipo muda unapokatika. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Miaka hii inaangukia miezi ya mwanzo ya mwaka wa masomo, vipindi vinafupishwa na kila mada inasogea mbele. Pemba vuno kubwa la karafuu kwa kawaida linaingia nusu ya pili ya mwaka, na mahudhurio hupungua wakati ule ule ambapo mada iliyosubiriwa imefika. Halafu marudio ya mitihani. Mada inaishia kusomwa kwa kipindi kimoja au kunakiliwa ubaoni. Anayechagua kusubiri aitoe dhana hiyo mwisho wa azimio, aiweke mwanzo wa muhula wa pili, na akubali kwamba mada nyengine nyepesi ndiyo itakayobanwa.

Kwa lugha, pili, na hili kwa Zanzibar ni zito. Sera ya elimu ya 2006 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano. Pale utaratibu huo unapofuatwa, dhana iliyosubirishwa hadi darasa la tano inamfikia mtoto pamoja na lugha asiyoimudu. Akikosa, mwalimu hajui amekosa nini: hakuelewa asili ya pamoja, au hakuelewa swali? Kwa sababu hii peke yake, sehemu, namba hasi na wazo la herufi zinastahili kuonjwa kwa Kiswahili kabla ya darasa la nne kuisha. Mwalimu wa la tano atakuwa na kazi moja tu, ya kukipa jina jipya kitu kinachojulikana. Kwa mada nyengine ubishi unaweza kuendelea. Kwa hizi tatu, msimamo wetu ni mapema.

Kuna pia mada ambazo kusubiri ni bora kabisa. Kugawanya sehemu kwa sehemu ni mojawapo: ukiionjesha mapema utaishia kuwafundisha "pindua kisha zidisha", kanuni isiyo na picha. Usanisinuru vilevile, mtoto wa darasa la tatu anaweza kuona mche uliofichwa kabatini ukifa rangi, na hilo ni zuri, lakini kemia yake haina sura ya utotoni isiyopotosha.

| | Kuanza mapema | Kusubiri |
|---|---|---|
| Muda | Dakika 10 kwa wiki, wiki 4, kila mwaka | Vipindi 4 mfululizo na vya kurudia |
| Zana | Lazima ziwepo | Zinasaidia, si lazima |
| Kupima | Kwa kusikiliza na kuuliza | Jaribio fupi lenye kiwango |
| Darasa la watoto 70 au zaidi | Shida: vitu na makundi | Nafuu, ila kuwarudia ni kazi |
| Mwalimu akihamishwa katikati | Mpango unakatika | Hasara ndogo |
| Lugha ikibadilika darasa la tano | Dhana imeshatangulia | Ugumu mara mbili kwa pamoja |
| Kinachohitajika kwa wenzako | Makubaliano ya miaka | Kujua walipoishia |

Mstari wa mwisho ndio wa kusoma mara mbili.

Ushirikiano: namna nne, bei tofauti

Chuoni, kwenye chuo cha Kurani, mtoto anaonjeshwa mapema mambo yanayopita umri wake na hakuna anayeona ajabu: anahifadhi sura fupi za juzuu amma, maana inamkuta mbele ya safari. Lakini angalia kinachoushikilia mpango ule. Mara nyingi mwalimu ni yule yule, kutoka alifu hadi siku ya kukhitimu, naye anajua ameacha nini kwa kila mtoto. Skuli darasa hubadilisha mwalimu Januari, na anayepokea hana habari kama vifuu vilichezwa au havikuchezwa.

*Peke yako.* Hakuna mkutano wala daftari. Unaweza kuonjesha, lakini ndani ya mwaka wako tu: kionjo muhula wa kwanza, mada kamili muhula wa pili. Usianzishe kitu kitakachotegemea mwalimu wa mwakani, maana hujampata. Hii si namna mbaya. Ni ndogo tu.

*Jozi.* Walimu wawili wa madarasa yanayopakana, kama la nne na la tano. Kwa mwenye kuanza, hii ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote, kwa kuwa haihitaji ruhusa wala posho. Dakika 30 mwanzoni mwa muhula zinatosha kukubaliana mambo matatu. Kwanza maneno: mtasema "kiasi na asili" au "namba ya juu na ya chini"? Mtasema "toa", "punguza" au "ondoa"? Mmoja akisema hiki na mwengine kile, watoto dhaifu hudhani ni mada mbili. Pili mfano na kikomo chake. Tatu, ambacho wa darasa la chini hatakisema kwa makusudi. Hili la tatu husahaulika, na ndilo linalomuudhi mwenzako zaidi: amejiandaa kufungua jambo, anakuta limeshafunguliwa nusu na vibaya.

Jozi huvunjika kwa uhamisho, na huvunjika pia kimya kimya pale mmoja anapogeuka mkaguzi wa mwenzake. Ukitaka kumwambia kwamba watoto wake wamekuja na "3m ni maembe", mpelekee mabuku matatu yenye kosa hilo muyatazame pamoja. Usimpelekee hukumu mbele ya ofisi nzima.

*Walimu wote wa somo skulini.* Hapa kikwazo ni mikondo miwili. Wa asubuhi wanatoka wakati wa mchana wanaingia, na kikao cha pamoja hukosa robo saa. Wengi hukimbilia kundi la WhatsApp. Linafaa kwa picha ya ubao na swali la haraka, halifai kwa makubaliano, maana baada ya wiki yamezikwa chini ya salamu na matangazo ya misiba.

Kinachofanya kazi ni daftari moja gumu linalokaa ofisini, ukurasa mmoja kwa kila dhana. Andikeni humo: jina la dhana; maneno yaliyotumika kwa watoto; zana na mchoro; ulipoishia; ambacho hukukisema; makosa yaliyojitokeza; na maswali matatu ya kupimia pamoja na idadi ya waliopata kila swali, kwa mfano 31 kati ya 68. Idadi isiandikwe kwa ajili ya kumsifu au kumkosoa mtu. Inamwambia anayepokea aanzie wapi. Ukurasa ukijazwa kwa zaidi ya dakika 15 hautajazwa tena, basi msiongeze vichwa vya habari. Daftari hili hufa likigeuzwa la kukaguliwa: walimu wataanza kuandika 60 kati ya 68 kila mahali.

*Somo la kuchunguza pamoja.* Wajapani wana mila hii kwa zaidi ya karne, na Zambia iliianzisha kwenye skuli zake mwaka 2005. Walimu watatu au wanne wanaandaa somo moja kwa pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa na kutazama wanafunzi, kisha wanakutana, wanalirekebisha, na mwengine analifundisha upya kwa mkondo wa pili. Tengeni dakika 90 za kuandaa, kipindi kimoja, na dakika 40 za mazungumzo. Kila mtazamaji apewe watoto wanne wa kuwafuatilia na aandike walichosema na walichoandika. Akitazama mwalimu badala ya watoto, mazungumzo yatakuwa ya mwandiko wa ubao na sauti.

Na hapa mikondo miwili, ambayo kwa vikao ni balaa, inageuka neema. Mwalimu wa asubuhi yuko huru mchana; anaweza kukaa nyuma ya darasa la mwenzake bila darasa lake kubaki tupu. Skuli zenye mkondo mmoja ndizo zinazopata tabu ya nani ashike zamu.

Kwa mada inayovuka kutoka skuli ya msingi kwenda sekondari, kama aljebra, skuli moja haitoshi. Vituo vya walimu ndipo mahali pake. Kwa Pemba vipo Mitiulaya Wete, Michakaini Chake Chake, Mizingani Mkoani na Wingwi Micheweni. Lakini mkienda kituoni msiende na ajenda ya "changamoto za ufundishaji". Nendeni na swali moja (8 + 4 = □ + 5 linafaa sana), majibu ya madarasa yenu, na mabuku kumi yenye makosa. Mkutano wenye mabuku mezani humalizika na kitu. Usio nayo humalizika na soda.

Kuchagua

Ukiwa hujui nani atapokea darasa lako mwakani, au unamjua na hamuelewani, subiri, ila kwa kupima. Onjesha yale tu utakayoyamaliza mwenyewe kabla ya Disemba.

Ukiwa na jozi, chagueni dhana moja, si tatu. Kwa la nne na la tano anzeni na sehemu kwa vibaba, kwa sababu zana ni rahisi na faida ya lugha inaonekana haraka. Wa la nne aonjeshe, aandike ukurasa wake. Wa la tano katika wiki yake ya kwanza aulize maswali yale yale matatu kwa Kiswahili kabla ya kuyageuza Kiingereza. Tofauti ya majibu itawaambia kama kilichopotea ni dhana au ni maneno.

Ukiwa na kundi zima la somo na daftari linalojazwa kweli, hapo ndipo mpango wa miaka mitatu una maana: darasa la tatu kwa vitu, la nne kwa michoro, la tano kwa alama. Hata hivyo msipeleke zaidi ya dhana mbili kwa mwaka. Darasa lenye vionjo sita vya dakika kumi kila wiki limepoteza saa nzima, na mwalimu wake atakuwa wa kwanza kuviacha.

Uhamisho ukitokea katikati, anayeondoka apige picha kurasa zake aende na nakala, na daftari lenyewe libaki. Mgeni asipewe daftari zima siku ya kwanza. Apewe ukurasa mmoja wa dhana iliyo karibu na azimio lake, na aliyekuwa jozi ya aliyeondoka akae naye kipindi kimoja kumuonyesha vifuu vinawekwaje.